Msituulize "Umepata?" Waraka kwa Wazee wa Ngara na Biharamulo

Rulenge, Ngara

Kwa wazee wetu, baba na mama zetu, wajomba na shangazi, majirani, viongozi wa dini na wajumbe wa serikali za vijiji katika wilaya za Ngara na Biharamulo.

YAH: HESHIMA YA WATOTO WENU WASIO NA AJIRA



Mimi ni mtoto wenu. Baba yangu ni wa Rulenge na mama yangu ni wa Nyakahura, kwa hiyo nina ndugu pande zote za barabara ile itokayo Rusumo kwenda Nyakanazi. Nina shahada ya ualimu na sina ajira. Nawaandikia kwa adabu mliyonilea nayo, na adabu hiyo hiyo ndiyo inayonizuia kuendelea kunyamaza, kwa sababu mlinifundisha kwamba mtoto akiona wazee wake wanakosea pasipo kujua, awaambie kabla majirani hawajawaambia.

Swali mnalotuuliza ni fupi: "Umepata?" Halihitaji kutaja kitu, maana wote tunajua kinachoulizwa. Mnatuuliza nje ya kanisa baada ya ibada, gulioni, kwenye benchi la zahanati, na mbele ya watoto tunaowafundisha tuisheni. Naamini wengi wenu mnauliza kwa mapenzi. Hata hivyo, mtu anayeulizwa mbele ya watu jambo ambalo jibu lake muulizaji analijua, huyo ameaibishwa. Nikipata, mama yangu hatangoja kuulizwa. Ataitangazia jumuiya nzima siku hiyo hiyo. Mkiona yuko kimya, jueni bado.

Baada ya swali huja maelezo. Kwamba tunachagua kazi. Kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu. Kwamba fulani alisoma nyuma yetu na leo ana gari. Kwamba labda kuna mkono wa mtu, au roho ya kukataliwa inayohitaji mfungo. Nimeyasikiliza maelezo haya yote kwa muda mrefu, na leo naomba niyajibu kwa kumbukumbu zenu wenyewe, kwa kuwa ninyi ndio mashahidi wangu wakubwa.

Mnaikumbuka Aprili 1994. Tarehe 28 na 29 za mwezi ule, katika muda wa saa 24 hivi, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo wakitoka Rwanda. Benaco, mahali palipobakiwa na jina la kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara, pakawa kambi kubwa kuliko mji wowote tuliokuwa nao. Zikafuata Lumasi, Musuhura na Lukole, na Kitali upande wa Biharamulo. Pamoja na wakimbizi yakaja mashirika, na mashirika yakaja na ajira ambazo wilaya hizi hazikuwa zimewahi kuziona: madereva, walinzi, makarani wa maghala, wauguzi, mafundi wa maji, wapishi. Kihangaza chetu kiliwafaa sana wageni wale, kwa kuwa aliyekisema alielewana na Mrundi na Mnyarwanda bila kuhangaika. Walimu na waganga waliacha vituo vya serikali wakaenda kambini, maana mshahara wa shirika ulikuwa mara kadhaa ya ule wa serikali. Mabati mengi yaliyoko juu ya nyumba zetu yalipanda miaka ile.

Desemba 1996 Wanyarwanda wakarudishwa kwao, na mikataba ikaanza kukatika. Wakimbizi Warundi walibaki Lukole hadi kambi ilipofungwa mwaka 2008, na magari meupe yakaondoka. Wengi wenu mlirudi shambani na vyeti vya semina na barua za kushukuriwa kwa utumishi. Wazee wangu, mlipokosa ajira nani aliwaita wavivu? Nani alifunga siku tatu kuwaombea mtolewe mkosi? Hakuna. Kijiji kizima kilijua kwamba kazi ile ililetwa na wakimbizi na imeondoka nao. Mlipewa haki ya kueleweka. Haki hiyo hiyo ndiyo ninayoidai kwa watoto wenu.

Ndugu zangu wa Biharamulo wana kumbukumbu nyingine. Mgodi wa Tulawaka ulianza kutoa dhahabu mwaka 2005. Nyumba za kupanga zikajengwa, mama lishe wakapata wateja, vijana wakajifunza kuendesha mitambo. Mwaka 2013 wawekezaji wakafikia mwisho wa hesabu zao na mgodi ukapita mikononi mwa shirika la serikali, STAMICO, ukaendelea kwa jina la STAMIGOLD. Waliopoteza kazi katika mabadiliko yale hawakuwa wameharibika tabia kati ya mwaka mmoja na mwingine. Rusumo nako, mradi wa umeme wa megawati 80 unaogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi uliwapa vijana vibarua miaka ya ujenzi. Mitambo ilipokamilika, ikahitaji watu wachache.

Halafu kuna Kabanga. Nikeli ya huko imetafitiwa tangu miaka ya 1970. Mkataba kati ya Serikali na mwekezaji ulitiwa saini Januari 2021, na Oktoba mwaka huo kampuni ya Tembo Nickel ikapewa leseni ya uchimbaji. Wako watu waliozaliwa, wakasoma, wakaoa na kupata wajukuu huku wakiambiwa mgodi unakuja. Sisi tumeongezwa kwenye foleni hiyo. Tumesoma kozi za usalama kazini, za udereva wa mitambo, za umeme wa viwandani, kwa sababu ninyi wenyewe mlitushauri tujiandae na Kabanga. Kujiandaa tumejiandaa.

Nimeyapanga mambo haya kwa pamoja ili tuone kitu kimoja. Ajira za mshahara katika wilaya zetu huamuliwa mbali na hapa. Za kambi ziliamuliwa na mashirika huko Geneva, za Tulawaka ziliamuliwa na wawekezaji wa nje, za ualimu na uuguzi huamuliwa na Serikali huko Dodoma. Anayempima mtu thamani kwa ajira aliyonayo anampima kwa maamuzi ya watu ambao hawajawahi kufika Rulenge wala Nyakanazi. Mnaposema kijana fulani "hajafika popote", mnatia saini chini ya uamuzi uliofanywa na mgeni, na mnautia saini dhidi ya damu yenu.

Najua mtaniambia kwamba Dodoma inaajiri. Inaajiri, na tunaomba. Lakini tukumbuke tulivyofika hapa. Kuanzia 2004, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulileta shule za kata. Mlibeba mawe na mchanga, mlichanga maharage na pesa, mlisimamishwa na watendaji kwa kutokuchanga. Shule zile zikatutoa sisi. Chuo Kikuu cha Dodoma kikafunguliwa 2007 na vyuo vingine vikapanua madarasa. Nchi ilifungua mlango wa kuingilia shuleni kwa upana mkubwa, na mlango wa kutokea kwenda kazini ukabaki vilevile. Mwaka 2016 ajira mpya serikalini zikasimamishwa ili kuhakiki watumishi hewa. Tuliokuwa tunamaliza masomo miaka ile tulikuta geti limefungwa kwa sababu ya majina ya watu wasiokuwepo. Tangu hapo nafasi hutangazwa, na waombaji huzidi nafasi kwa mbali. Matangazo mengi huweka kikomo cha umri wa miaka 45, na huhitaji wadhamini watatu. Tunafika kwenu kuomba mtuandikie majina yenu kama wadhamini. Mzee mmoja aliniambia, "Nitakudhamini ukishakuwa mtu." Sijamtaja na sitamtaja. Ninamwomba tu alifikirie neno lile tena, maana mimi nilizaliwa mtu, na yeye alikuwepo siku ya ubatizo wangu.

Dharau hii haikuanzia kwenu. Dola nayo iliifundisha. Kanuni ya Adhabu tuliyorithi kwa wakoloni ina vifungu vinavyomweka mtu asiye na shughuli inayoonekana katika kundi la wazururaji. Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ikapitishwa Sheria ya Nguvu Kazi. Watu wasio na kitambulisho cha kazi walikamatwa katika mitaa ya Dar es Salaam na miji mingine, wakapelekwa vijijini na mashambani. Wengi walirudi mjini baada ya muda mfupi. Kuwakamata hakukuzalisha ajira hata moja, bali kuliacha fundisho baya: kwamba asiye na kazi ni mtuhumiwa. Fundisho hilo limeishi kuliko operesheni yenyewe. Ndilo linalomfanya mgambo wa leo amsimamishe kijana aliyekaa kijiweni saa nne asubuhi, na asimsimamishe mzee anayekunywa pombe ya ndizi saa hiyo hiyo.

Nanyi viongozi wetu wa dini, kwa heshima yote, mmetusomea mara nyingi onyo la Mtume Paulo kwa Wathesalonike kuhusu kazi na chakula. Paulo alimwonya anayekataa kufanya kazi. Hakumwonya anayebisha hodi kila mlango akakosa wa kumfungulia. Mkitaka kutuhubiria sisi, yupo katika Injili ya Mathayo mwenye shamba la mizabibu aliyewakuta watu sokoni saa kumi na moja, akawauliza mbona wamesimama bure mchana kutwa, wakamjibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Yule bwana hakuwatukana. Aliwaamini, akawapa kazi, na jioni akawalipa.

Mnasema pia kwamba ukitutazama tu utajua sisi ni wavivu: tunatembea pole, tunalala mchana, hatusomi hata gazeti. Kuhusu hilo kuna jambo lilitokea mbali na hapa, linaloweza kutusaidia. Karibu na Vienna, Austria, kulikuwa na kijiji cha Marienthal, ambacho karibu kila kaya iliishi kwa kiwanda kimoja cha nguo. Kiwanda kikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Watafiti watatu, Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, wakaenda kuwatafiti watu wale, na mwaka 1933 wakachapisha walichokiona. Walipima mwendo wa watu barabarani, wakakuta wanaume wasio na kazi wanatembea polepole na kusimama-simama. Walikwenda maktaba ya kijiji, wakakuta vitabu vinaazimwa kidogo kuliko zamani, ingawa watu sasa walikuwa na muda tele. Watu hao hao, kiwanda kilipokuwa wazi, walikuwa wachapakazi na wasomaji. Mwendo wa pole haukuwafukuzisha kazi. Kufukuzwa kazi ndiko kulikowapa mwendo wa pole.

Kwa hiyo mnapomwona kijana wenu amelala hadi saa tatu, msianze na neno uvivu. Huenda hakulala usiku. Wengi wetu hatulali. Usiku ndio mtu anapohesabu miaka, anapofikiria mkopo wa Bodi ya Mikopo, na anapokumbuka ng'ombe aliyeuzwa ili alipiwe ada.

Sasa nifike kwenye mambo matatu yanayouma kuliko swali lenyewe, kwa kuwa haya yako mikononi mwenu kabisa. Geneva haiyajui, na Dodoma haina habari nayo.

La kwanza ni ardhi. Mnatuambia turudi shambani, na mnatukumbusha kwamba mchagua jembe si mkulima. Wazee wangu, jembe hatujalichagua. Tatizo letu ni mahali pa kulipiga. Huku Ngara migomba imebanana na mashamba yamegawanywa vizazi vingi. Upande wa Biharamulo sehemu kubwa ya nchi ni misitu na hifadhi. Kilichobaki mnacho ninyi. Kijana akiomba robo heka apande maharage yake, anaambiwa angoje aoe ndipo agawiwe. Akitaka kuoa, anaambiwa angoje apate kazi ndipo apelekewe posa. Akikosa kazi, anaambiwa alime. Nimezunguka katika duara hili pamoja na wenzangu, na naomba mtu mzima mmoja anioneshe mlango wake uko wapi. Mtu mwenye umri wa miaka thelathini anayelala chumba alicholala akiwa darasa la tatu, asiye na mche hata mmoja wa kahawa anaoweza kuuita wake, mnamwita "kijana wa nyumbani" kana kwamba ni yeye aliyekataa kukua.

La pili ni kibarua. Kijana akikaa, ni mzururaji. Akichukua jembe kwenda kulima shamba la jirani kwa ujira wa siku, mnamcheka: "Digrii yake imefika kwenye kazi ya Warundi." Miaka mingi ndugu zetu kutoka ng'ambo ya mpaka wamekuwa wakivuka kuja kutulimia, na kwa sababu wao ndio wamefanya kazi hiyo kwa malipo madogo, kazi yenyewe imekuwa tusi. Naomba niseme wazi. Wale watu wamepalilia maharage mliyouza kutulipia ada. Jasho lao limo katika elimu yetu. Kufananishwa nao hakunidhalilishi. Kinachodhalilisha ni desturi ya kumlipa mtu kidogo kisha kumdharau kwa kuwa amelipwa kidogo.

Neno hilo la "Warundi" lina madhara mengine pia katika wilaya za mpakani. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga ilipopita Kagera, Geita na Kigoma kuondoa wahamiaji haramu, tuliona jinsi uvumi wa jirani ulivyoweza kumfanya mtu atakiwe kuthibitisha alikozaliwa babu yake. Leo bila namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) huwezi kuomba kazi serikalini, na huku kwetu kuipata kuna maswali mengi kuliko yanayoulizwa Dodoma au Moshi. Kijana mnayemwita Mrundi kwa mzaha gulioni, siku ya mahojiano mzaha ule unaweza kumfuata ofisini. Mwenye kazi haulizwi sana. Kitambulisho chake cha kazi humsemea. Asiye na kazi hana kinachomsemea isipokuwa midomo yenu. Itunzeni.

La tatu ni msiba na harusi. Kwenye msiba sisi ndio tunaochimba kaburi, tunapasua kuni, tunateka maji, tunalala nje kwa matanga. Tunafanya kwa moyo, kwa kuwa aliyekufa ni wetu. Asubuhi ya mazishi anafika ndugu kutoka Mwanza kwa gari, anaandaliwa kiti mbele na kuombwa aseme neno kwa niaba ya ukoo. Waliokesha na marehemu hospitali hawatajwi. Kwenye kikao cha harusi, aliyeshindwa kuchangia haitwi. Siku ya sherehe anaitwa kubeba viti. Sisemi asiyechanga akae meza kuu. Nasema nguvu nazo zihesabiwe ni mchango, ziandikwe kwenye daftari la kamati kama zinavyoandikwa shilingi, na zisomwe kwa sauti siku majina yanaposomwa.

Dada zangu wana mzigo wao. Msichana aliyemaliza chuo akirudi bila kazi, hamwiti mzururaji, kwa kuwa tangu alfajiri anapika, anafua, anamuuguza bibi na kulea watoto wa kaka yake aliyeko mjini. Mnamwambia tu, "Wewe utaolewa." Kazi anayoifanya ingelipwa mshahara kama angeifanya katika nyumba ya mtu baki. Kwa kuwa anaifanya kwenu, inaitwa kukaa nyumbani. Kaka huyo wa mjini akituma pesa ya sikukuu anashukuriwa mbele ya watu. Anayelea watoto wake mwaka mzima anaulizwa lini atapata mchumba.

Mniruhusu niseme kidogo na wenzangu wasio na ajira, mkiwa mnasikia, ili mjue tunavyoishi.

Wenzangu, msijifiche. Najua wako wanaopita njia ya migombani ili wasikutane na watu, na wanaokwenda sokoni jioni giza linapoingia. Kadiri tunavyojificha ndivyo watu wanavyopata nafasi ya kutubunia maisha. Tupite barabarani mchana. Tukiulizwa, tuwe na jibu fupi na la kweli, kisha tugeuze mazungumzo: "Bado, mzee. Kwa sasa nafundisha kwa kujitolea na ninafuga. Mahindi yako yanaendeleaje?" Hatumdai mtu maelezo ya fedha zake; nasi hatudaiwi historia ya maombi yetu yote.

Tuwe na saa. Siku isiyo na saa ndiyo iliyowameza watu wa Marienthal. Mimi asubuhi niko darasani kwa kujitolea, alasiri niko shambani kwa baba, jioni nina wanafunzi wa tuisheni. Mwenzangu anatengeneza simu, mwingine ana bodaboda ya mkataba, mwingine anauza nguo za mitumba kwenye minada. Tusiyaone haya kuwa si kitu kwa sababu hayana barua ya ajira.

Tuungane wawili, watatu. Tunapotuma maombi pamoja tunagawana gharama za bando na za kuthibitisha vyeti, na anayeitwa kwenye usaili hukopeshwa nauli na wenzake. Mikopo ya halmashauri ya asilimia kumi, iliyowekwa kisheria mwaka 2018, ikasitishwa 2023 na kurejeshwa 2024, ina sehemu ya vijana. Tuifuatilie kwa vikundi vya kweli, na tuulize kwa maandishi kila tunapozungushwa. Na kwa yule ambaye usingizi umekataa kabisa, chakula hakipiti, na ameanza kuona heri asingekuwepo: ndugu yangu, huo ni ugonjwa wenye tiba. Mwambie mtu mmoja leo, nenda hospitali ya Murgwanza, ya Rulenge au ya Biharamulo, omba kuonana na mganga. Nitakusindikiza.

Wako kati yetu waliozama kwenye pombe na mikeka ya kubeti. Siwatetei wala siwakani. Ninawaomba tu wazee wawaulize walianza lini. Wengi watawajibu kwamba walianza baada ya kukata tamaa, na kwamba siku waliyoacha kuitwa kwenye vikao vya ukoo, kilabuni waliitwa kwa jina.

Wazee wangu, nisimalize kwa malalamiko. Nina maombi manne, na kila moja linaweza kuanza mwezi huu.

Kwanza, mwenye shamba linalozidi nguvu zake ampe mwanawe au bintiye kipande leo, kwa maandishi na mashahidi, pasipo kungoja ndoa. Kama moyo unasita kugawa, basi mkodishe kwa misimu kadhaa kwa bei ya ukoo. Tutawalipa kwa mavuno.

Pili, kazi ilipwe. Mnapotuita kuwaandikia barua, kuwajazia fomu za mtandaoni, kuwafundishia watoto au kuwapimia mashamba, mnatuita kwa sababu tunajua. Ujuzi huo mliugharamia wenyewe kwa ng'ombe na maharage. Msiudharau kwa kuuita "msaada mdogo tu". Kamati za shule zinazowatumia walimu wa kujitolea zikubaliane posho kwenye kikao, ziiandike, na ziilipe kwa tarehe iliyoandikwa. Mwalimu anayejaza pengo la vipindi vya hesabu kwa mwaka mzima asiombe posho yake kama anayeomba sadaka.

Tatu, barua za utambulisho. Watendaji wetu, muhuri ni mali ya umma. Kijana asiye na kipato anapotozwa pesa isiyo na stakabadhi ili athibitishiwe kwamba ni mkazi wa mahali alipozaliwa, anatozwa na mtu mwenye mshahara. Naomba jambo hilo likome, na wazee wa kijiji walisemee kwa sauti ile ile wanayotumia kutuonya sisi.

Nne, swali. Badala ya "Umepata?", tuulizeni "Unafanya nini siku hizi?" Mtashangaa kwa majibu. Na mkisikia kazi mahali, ya siku moja au ya mwaka, njooni mtuambie faraghani. Habari moja ya kazi inamfaa mtu kuliko nasaha za mwezi mzima.

Sheria ya serikali za mitaa inasema mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, na kwamba ufanyike kila baada ya miezi mitatu. Haisemi mwenye ajira ndiye aanze kuzungumza. Katika mkutano ujao nitaomba maombi haya manne yaingizwe kwenye ajenda na kuandikwa kwenye muhtasari, na nimewaomba wenzangu wa Nyakahura, Lusahunga, Murusagamba na Kabanga wafanye vivyo hivyo katika vijiji vyao. Tutakaa mbele. Atakayetupinga atupinge kwa hoja, nasi tutamjibu kwa hoja, na tukishindwa tutakubali. Ila tusiambiwe tena tunyamaze kwa kuwa hatuna kazi. Sisi ni watu wazima wa vijiji hivi, na mambo yake yanatuhusu kama yanavyowahusu ninyi.



Mtoto wenu,
Mwalimu wa kujitolea, Rulenge